Hewa katika Mbavu za Chuma

Nyumba ya Bwana Mguu ilianza kugonga yenyewe katika baridi ya Julai, na mlio wa kwanza ulimkuta Nasambu jikoni akimenya viazi. Gong! Kisu kikateleza, akajikata kidole. Gong, gong! Sauti ilitoka ukutani, ikapanda, ikapita juu ya dari, kisha ikanyamaza. Nasambu akakitia kidole mdomoni na kutazama juu.

Hakuogopa pepo, msije mkadhani. Mwanamke aliyezika mume na kulea mtoto peke yake katika shamba la mzungu hana nafasi ya kuogopa pepo. Na heri angekuwa pepo! Alichokiogopa ni kwamba juu ya dari ile kulikuwa na mtu, na aliyempandisha huko ni yeye mwenyewe Nasambu.

Shamba lenyewe lilikuwa ng'ambo ya Kachibora, pale milima ya Cherangany inapoanza kuinuka na ukungu kushuka hadi mlangoni. Memsahibu, mke wa Bwana, alikuwa mtu wa kusikia baridi, kila siku anatetemeka, kila siku analalamika, mpaka Bwana akachoka. Akaagiza kutoka kwao vyuma vizito vilivyokuja kwa treni hadi Kitale, vikamaliziwa safari kwa mkokoteni wa ng'ombe. Vilisimamishwa kila chumba chini ya dirisha, vimekaa kama mbavu za ng'ombe aliyekondeana, na wafanyakazi wakaviita hivyo hivyo, mbavu. Jikoni kulikuwa na boila la kuni. Maji yalichemka humo, yakapanda kwa paipu hadi darini, yakashuka kwenye mbavu, nyumba ikapata joto. Darini kulikuwa na tangi dogo la kuongezea maji yanayopungua, nayo hayakuacha kupungua, maana ubavu wa sebuleni ulivuja siku zote na Nasambu alikuwa ameuwekea bakuli chini.

Basi, starehe zote hizo, na Memsahibu mwenyewe akaondoka. Ulikuwa ule mwaka wa Hali ya Hatari. Wazungu walilala na bastola chini ya mto, na Wakikuyu waliokuwa wakifanya kazi Kitale na kando zake, wote wakishukiwa uasi, walikusanywa kama mbuzi wa mnada wakapakiwa malori. Memsahibu alisema hawezi kulala tena katika nchi hii, akapanda meli. Bwana akabaki, yeye na mguu wake mbovu alioupata katika vita vya Wajerumani, mguu usiokunjika gotini.

Lori lilipofika shambani lilimchukua Thuo, mpishi Mkikuyu, akiwa bado amevaa aproni. Hajasikika tena hadi leo hii ninapowasimulia. Mkewe Waruguru alikuwa kisimani. Nasambu alimkimbilia, akamshika mkono bila neno, akamwingiza kwa mlango wa nyuma, akamsukuma kwenye ngazi ya korido hadi darini, akafunga kifuniko.

Mtasema, kwa nini ajitie kitanzi kwa ajili ya mtu wa kabila lingine? Sikilizeni. Nasambu alipomzaa Nekesa, binti yake wa pekee, homa ilimwangusha hata hakujua mchana wala usiku. Maziwa yakakauka. Waruguru, aliyekuwa ananyonyesha wakati ule, alimchukua yule mtoto akamweka titi la pili. Mtoto akapona. Na Nekesa alipoolewa, wakwe walipoleta blanketi la mama kama ilivyo desturi, Nasambu alikataa kulipokea. Aliwaambia wazee mbele ya watu wote, "Mtoto huyu alinyonya kwa wawili. Leteni lingine." Wakanung'unika, wakaenda, wakaleta. Blanketi la pili, jekundu, akafunikwa Waruguru.

Ndilo blanketi alilojifunika huko darini.

Nyumba iliendelea kugonga. Mara iligonga, mara ilikoroma, mara maji yalibwabwaja ndani ya mbavu kama tumbo la mtu mwenye njaa. Bwana alianza kuzungumza na kuta. Akipita korido alisimama, akainua kichwa na kusikiliza, mkono kwenye mkanda ulioshika bastola.

"Nasambu! Nani nagonga?"

"Ni paipu, Bwana."

"Paipu miaka yote nyamaza. Sasa nagonga kama mtu. Iko mtu!"

"Hakuna mtu, Bwana. Mtu atatoka wapi?"

Bwana alimtazama kwa macho mekundu ya kukosa usingizi. "Mimi naita fundi kutoka Kitale. Yeye natengeneza hii kitu leo. Kama kelele hapana kwisha, basi si paipu, iko mtu. Jioni mimi naita polisi, vunja dari yote."

Nasambu akasema ndiyo Bwana, akarudi jikoni, akashika ukingo wa sinki mpaka vidole vikauma. Leo, alijiambia. Jioni ya leo. Wakimpata Waruguru watamchukua, na wamchukuaye harudi. Na mimi je? Waliokamatwa wakiwaficha watu hawa walifanywa nini? Alikuwa amesikia, na hakutaka kukumbuka.

Pikapu ya fundi iliingia uani kabla ya saa sita. Nasambu alichungulia dirishani, na alipomwona anayeshuka na sanduku la spana alirudi nyuma akajibanza kwenye kabati. Ala! Kati ya mafundi wote wa Kitale, ameletwa huyu! Alikuwa Khaemba, mtu wa Bungoma, mumewe Nekesa. Mkwewe.

Asiyejua ukwe wa Wabukusu, watu wa Nasambu na Khaemba, ni lazima aelezwe hapa, maana bila hilo hadithi haiendi. Mwanamume na mama wa mkewe hawatazamani. Hawasalimiani kwa mkono, hawaitani kwa jina, hawali chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja huingia kichakani apite mwenzake. Si chuki hiyo, ni heshima. Wakiwa na jambo la kuambiana hutuma mtu, na kama hakuna wa kutumwa huambia kitu, huambia mti au ukuta, na mwenzake husikia kana kwamba anadukiza tu. Mwanamume aliyesimama chini ya ngazi mama mkwe akiwa juu, huyo hata wazee hawajui wamtoze nini.

Khaemba naye alijua mama yuko jikoni. Alikohoa nje kwa nguvu, kama mtu mwenye adabu, ili mama ajifiche. Nasambu akaingia stoo na kuacha mlango wazi kidogo. Kutoka pale alisikia kila kitu.

Fundi alipita chumba kwa chumba akigusa mbavu. "Chini moto, Bwana, juu baridi. Hii ni hewa. Hewa imeingia ndani, imekaa juu, maji yanashindwa kupita, ndio yanagonga."

"Hewa tu?" Sauti ya Bwana ilishuka kidogo.

"Hewa tu, Bwana. Tunaitoa."

Nasambu alifumba macho. Asante, Mungu wangu. Itoe basi, mwanangu, itoe uende zako.

Kila ubavu una skrubu ndogo ya shaba begani, ya kutolea hewa. Khaemba akafungua ya chumba cha Bwana, akaweka kitambaa chini yake, akangoja hewa itoke ikifuatwa na maji. Haikutoka. Akasogeza uzi wa kitambaa karibu na skrubu, na uzi ukavutwa kuelekea ndani.

"Ah ah," akasema. "Hii maneno mingine, bana."

"Nini?"

"Inavuta, Bwana. Badala ya kupuliza, inavuta. Maana yake huko juu hakuna maji ya kusukuma. Tangi limekauka." Akafunga skrubu haraka. "Na boila linawaka bila maji ya kutosha, hiyo ni hatari. Kwanza toeni kuni. Halafu lazima nipande darini."

Lazima nipande darini. Nasambu hakungoja neno la pili. Namna alivyotoka stoo, akavuka korido na kupanda ile ngazi, yeye mwanamke mnene wa magoti mabovu, hata mwenyewe hakujua. Alisukuma kifuniko, akajivuta ndani, na kutoka gizani juu akaita kwa sauti ya kazi, ya mtu asiye na shaka, "Bwana! Niko darini! Naondoa takataka fundi asichafuke!"

Chini, nyayo za Khaemba zilikuja hadi mlango wa korido zikasimama ghafla.

"Panda," akasema Bwana.

"Siwezi, Bwana."

"Kwa nini hapana weza?"

"Mama mkwe yuko juu."

Bwana alikaa na watu wa Bungoma miaka mingi, hilo alilijua. Alitukana kwa lugha ya kwao, akagonga fimbo sakafuni. "Hii mambo ya mama mkwe! Nyumba nataka pasuka, nyinyi naleta mama mkwe!"

"Ni desturi, Bwana. Lakini ataniangalizia, mimi nitamwelekeza." Khaemba aligeuza uso ukutani, akasema kwa adabu, "Ngazi, mwambie mama aangalie kama tangi lina maji."

Giza la darini lilinuka vumbi na mavi ya popo. Nyuma ya tangi, karibu na dohani palipo na joto, macho mawili yalimtazama Nasambu kutoka ndani ya blanketi jekundu. Waruguru alikuwa amekonda. Alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja, na machozi yakimtiririka kwenye vidole.

Nasambu alitambaa hadi kwenye tangi akatia mkono. Kavu. Tope tu na mdudu aliyekufa. Na boya, lile tufe la shaba linaloelea juu ya maji na kushuka yanapopungua ili koki ifunguke, halikuwa limeshuka. Lilikuwa limefungwa juu, kwenye boriti, kwa kitambaa cha kichwa.

"Ni wewe?" akanong'ona.

"Lilikuwa linalia," Waruguru akanong'ona kwa pumzi tu. "Kila maji yakiingia, koki inalia kama mtoto, wiii, wiii, hapa hapa sikioni. Nilidhani watakuja kuangalia ni nini kinacholia. Nikalifunga linyamaze."

Maskini! Alinyamazisha kilio ili asisikike, na kwa kukinyamazisha akaamsha nyumba nzima. Ubavu wa sebuleni uliendelea kuvuja kwenye bakuli, tangi likaisha, hewa ikaingia. Nasambu alitaka kumpiga kofi na kumkumbatia kwa mkono huo huo. Hakufanya lolote. Alifungua fundo kwa meno, akakishika kitambaa kifuani mwake, akalisukuma boya chini.

Maji hayakuja. Alisukuma tena. Koki ilikuwa imekaa siku nyingi imefungwa, kutu imeishika.

"Ngazi, maji yanaingia?"

"Tangi, mwambie hayaingii," Nasambu akajibu. "Boya limeshuka, koki imekataa."

"Ngazi, mwambie mama apige koki ubavuni kwa kitu kizito, lakini polepole."

Alipiga kwa kipande cha tofali. Gong! Nyumba nzima ikaitika, na Bwana chini akaruka. Akapiga tena. Hakuna. Jasho lilimwingia machoni.

"Enough!" Bwana alifoka kwa lugha ya kwao, kisha akarudi kwenye Kiswahili chake. "Mimi nachoka. Mama toka, fundi panda. Kama wewe hapana taka, mimi napiga simu sasa hivi, polisi navunja dari!" Fimbo yake ikaanza kugonga kuelekea sebuleni kwenye simu. Tok. Tok. Tok.

Waruguru alianza kuinuka. Nasambu alielewa papo hapo anachotaka kufanya: ateremke mwenyewe, ajitoe, mwenzake asalimike. Akamkandamiza bega kwa nguvu zake zote. Na hapo, akiwa amemshika hivyo, akiisikia fimbo ikienda, Nasambu alifanya jambo ambalo hakuna mwanamke wa kwao aliyewahi kulifanya. Alimwita mkwewe kwa jina.

"Khaemba! Panda, mwanangu. Bwana, usipige simu, fundi anapanda!"

Fimbo ikasimama.

Kisha alisikia koti likivuliwa, na ngazi ikalia kipago kwa kipago. Kilichotokeza kifunikoni hakikuwa kichwa. Lilikuwa koti la kaki, limefunika kichwa na mabega, limefungwa kwa mikono ya koti lenyewe chini ya kidevu. Khaemba alikuja kwa mama mkwe bila kumwona, akipapasa boriti kama kipofu.

Mkono ulipapasa ukingo wa tangi. Ukalipata boya. Ukaifuata fimbo ya boya hadi kwenye koki, ukarudi kutafuta spana aliyokuwa ameiweka kando, na ukatua juu ya mguu. Mguu mkavu, wenye baridi, uliojikunja. Si mguu wa Nasambu, kwa kuwa Nasambu alikuwa upande wa pili akipumua kwa nguvu.

Mkono ukabaki hapo hapo.

Nasambu alilitazama lile koti na hakuweza kujua kilichomo ndani yake. Huyu ni kijana wa watu. Ana mke mwenye mimba ya miezi ya mwisho, ana kazi nzuri mjini. Neno moja tu aseme, "Bwana, iko mtu," na yeye atapewa chai na sifa. Akinyamaza, atakuwa amejitia kamba shingoni pamoja nao. Nani angemlaumu?

"Tangi," Nasambu akanong'ona, midomo ikigusa chuma, "mwambie mkwe wangu asishtuke. Mwambie Nekesa alinyonya matiti mawili. Na mablanketi aliyoleta yalikuwa mawili."

Koti halikusogea. Chini Bwana aliuliza, "Fundi! Wewe naona nini?"

Mkono uliondoka kwenye mguu polepole, kwa heshima, kama unavyoondoka kwenye kitu ambacho haukupaswa kukigusa.

"Tangi," Khaemba akasema kwa sauti ndogo iliyokwaruza, "waambie mama zangu wasogee kidogo. Nataka kufungua hii koki."

Waambie mama zangu. Nasambu aliuma upindo wa khanga yake ili asilie.

Spana ikazunguka, kutu ikapasuka, na koki ikatoa ule mlio, wiii, wiii, maji yakaruka tangini. Bwana akapiga kelele kutoka chini, na Khaemba akamjibu kwa sauti kubwa, "Ni maji, Bwana! Hii koki ni mzee, ikishiba maji inalia. Usijali ukiisikia." Kisha akarudi kinyumenyume, kichwa ndani ya koti, hadi miguu ilipoipata ngazi.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya kawaida. Tangi lilijaa, akaenda ubavu kwa ubavu na ile skrubu, na safari hii hewa ikatoka, ssss, ikatema, ikakohoa, mpaka maji yakafuata. Kuni zikarudishwa. Jioni mbavu zilikuwa moto kutoka chini hadi juu, na nyumba imetulia kabisa.

Bwana aliweka kiganja juu ya ubavu wa chumbani kwake na kucheka, mara ya kwanza tangu mkewe aondoke. "Na juu, wewe iliona nini?"

"Sikuona kitu, Bwana," Khaemba akasema. "Nilifunika kichwa. Mama mkwe haangaliwi."

Na huo, jamani, haukuwa uongo.

Nasambu, jikoni, ndipo alipoanza kupumua. Lakini furaha ya maskini haina miguu mirefu. Bwana alisema kwamba polisi walikwisha kumwambia asubuhi kwamba kesho watapita na mbwa, nyumba zote za shamba, hata hii yake, kwa usalama tu. Khaemba alikusanya spana zake. Kisha akaomba ruhusa. Nekesa anakaribia kujifungua huko Bungoma, anamtaka mamake. Je, Bwana angekubali amchukue kwa pikapu sasa hivi na kumrudisha kesho kutwa?

"Chukua," Bwana akasema, mtu wa furaha sasa. "Mimi napika chai mwenyewe."

Khaemba alipita nje ya dirisha la jikoni, akasimama akiangalia mabanda. "Ukuta," akasema, "mwambie mama, anayekwenda na mimi ni mmoja. Atakayejifunika blanketi jekundu. Mwingine abaki mahali pake."

Wabukusu hawana haraka ya kuelewa, lakini Nasambu alielewa: Waruguru aende kwa jina lake, na yeye ajifiche mahali pa Waruguru. Bwana alipokwenda kuoga, aliye juu akashuka na aliye chini akapanda. Walikutana pale kifunikoni, wakashikana nyuso kwa viganja, hawakuwa na muda wa zaidi. Waruguru akavaa gauni la Nasambu na kujifunika gubigubi. Bwana, kutoka dirishani, aliona mama mnene akiingia nyuma ya pikapu na mkwewe akiwa amempa mgongo. Unene ulikuwa gunia lililokunjwa tumboni. Akawapungia mkono.

Sasa Nasambu alikuwa yeye huko gizani, nyuma ya tangi, kwenye majani makavu yenye umbo la mwenzake. Alidhani anakijua kitisho cha mahali pale. Hakukijua. Kila ubao ulilia alipopumua. Alisikia Bwana akikohoa, akigeuka kitandani, akitembea, na kila hatua ilikuwa inamjia yeye. Alimfikiria Waruguru barabarani, na kizuizi cha polisi pale daraja la Kamukuywa, na tochi. Mkikuyu hata akinyamaza, je, uso hausemi? Wakimfunua, watakuja. Watakuja kumuuliza Nasambu yuko wapi.

Asubuhi ilikuja na magari. Buti ziliingia nyumbani, na mbwa, kucha zake zikikwaruza sakafu. Sauti za wazungu, kicheko, harufu ya tumbaku. Mbwa alisimama koridoni chini ya ngazi akaguna.

Na hapo hapo, kwa sababu ubavu wa sebuleni haukuacha kuvuja na tangi lilikuwa limepungua, boya likashuka na koki ikaanza. Wiii, wiii.

Kitambaa cha Waruguru kilikuwa bado kifuani mwa Nasambu. Mkono wake ulikwenda wenyewe, ukakitoa, ukakinyoosha hadi kwenye boya. Kulinyamazisha tu! Kuliinua kidogo tu, linyamaze! Sasa ndipo alipomwelewa mwenzake mpaka kwenye mifupa, siku zote alizokaa na kilio hiki sikioni. Kitambaa kiligusa shaba. Akauvuta mkono, akaukalia.

Koki ikalia, ikalia.

"Maji tu, hiyo," alimsikia Bwana akisema kwa lugha ya kwao, maneno aliyoyajua kwa miaka ya kutumikia. "Kitu kizee. Jana fundi aliniambia. Kwa wiki nzima nilidhani ni mtu." Wakacheka wote. Buti zikatoka, mbwa akavutwa, magari yakaunguruma na kupotea upande wa Kachibora. Hakuna aliyepanda.

Siku iliyofuata, Bwana akiwa kwenye ghala la mahindi, pikapu ilirudi. Hatua zilikuja koridoni zikasimama mbali na ngazi.

"Ngazi," sauti ya Khaemba ikasema, "mwambie mama, yule mwingine alilala kwetu, karibu na Lugulu, kwa watu wa kanisa. Pale darajani askari alikuwa Wabwile, kijana wa kwetu. Alitaka kufunua blanketi. Nikamwambia, funua, ndugu yangu, lakini huyo ni mama mkwe wangu, na mimi niko hapa. Akazima tochi, akageuza uso." Akashusha sauti. "Nilimwapia kwa jina la baba yangu kwamba ni mama mkwe. Sikudanganya."

Hatua zikaondoka, zikaenda kungoja nje ili Nasambu ateremke bila kuonekana.

Nasambu hakuteremka mara moja. Alitaka kumshukuru, na ukwe haukumpa neno la kumshukuru nalo. Akajifunika kile kitambaa usoni. Boya likashuka, koki ikaanza kulia juu ya kichwa chake, na yeye akalia nayo, kwa sauti, bila kujiziba mdomo, mpaka tangi likajaa.